Kamba ya Fundi Juu

Mke wangu anapanda miti. Nikisema hivyo mbele ya mtu asiyetujua, mara nyingi hunipongeza, huniambia mazingira yanahitaji watu kama hao, kisha huuliza kama tuna miche ya miparachichi. Inabidi ninyooshe kidole juu ndipo anielewe. Hapandi miche. Anapanda mti wenyewe, ule uliozeeka na kuinamia paa la mtu, msumeno wa injini ukining'inia kiunoni, na anaushusha kipande kwa kipande kuanzia kileleni bila kuvunja hata kigae. Mtaani wanamwita Fundi Juu. Mimi ninayebaki chini, ninayeshika kamba za mizigo, kukusanya matawi na kuendesha lori, wananiita Fundi Chini, na sijawahi kununa. Watu husema aliye juu mngoje chini, wakiwa na maana ya kusutana. Kwangu mimi hiyo ni ajira.

Alianza kwa kufagia. Wakati huo nilikuwa dereva wa kikosi cha bustani za mji, na yeye alikuwa mmoja wa akina mama waliofuata nyuma ya wakataji wakizoa majani. Mpandaji wetu alikuwa mzee mmoja mkavu tuliyemwita Babu Fundo, kwa sababu fundo lake halikupata kufunguka bila ruhusa yake. Siku moja kamba ilinasa kwenye panda ya mti, na Babu Fundo alikuwa ameteguka mkono. Tukasimama pale tukitazama juu kama kuku waliosikia mwewe. Yule mfagiaji akaegemeza fagio ukutani, akavaa mkanda wa kupandia, akazungusha ile kamba fupi kwenye shina kwa namna ileile ambayo Babu Fundo huizungusha, akapanda. Kumbe siku zote zile alikuwa anafagia macho yakiwa juu. Aliponasua kamba na kushuka, Babu Fundo hakumsifu. Alimwambia alifungue fundo alilojifungia, alifunge tena polepole mbele yake. Alilitazama, akalivuta. Kesho yake fagio alipewa mtu mwingine.

Mimi nilimpenda kwa kumtazama kutoka chini. Shingo iliniuma mpaka wenzangu wakanishauri nikamwone daktari. Nilipojikaza nikamweleza, hakutabasamu wala hakuangalia chini kama nilivyokuwa nimeambiwa wanawake hufanya. Aliniuliza kama naweza kushika kamba ya mzigo bila kupiga soga. Nikasema naweza. Akasema basi tutaanzia hapo.

Leo tuna lori letu, kuukuu lakini linawaka, na misumeno yetu, na jina. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya nyuma, na chumba cha mbele kinachotazama barabara ni cha mama yangu. Mama ni msusi. Ana viti viwili, kioo kirefu kilichopata ufa pembeni, vitana ndani ya chupa ya jemu, na redio isiyozimwa. Vidole vyake ni vyembamba na vigumu kama vya mpiga kinanda, na vikigusa kichwa cha mtu vinajua habari zake zote: nani ana mawazo, nani amebadilisha mafuta, nani alisukwa kwingine akarudi kimyakimya. Wanawake hutoka mitaa ya mbali kuja kusukwa naye. Anaposema mstari huu umepinda, hata kama wewe huuoni, umepinda.

Mama alimpenda mkwe wake tangu siku ya kwanza. Asichokipenda ni ile kazi. Wateja wakimuuliza mkwe anafanya nini, alijibu, "Anapanda miti," kisha akageukia kichwa kilicho mbele yake. Wakimpongeza kwa ajili ya mazingira alipokea pongezi, maana hakuwa amesema uongo. Lakini hakuwahi kuja kutuona kazini hata mara moja. Jioni mke wangu aliporudi na vumbi la mbao kwenye kope, mama alimtengea maji ya kuoga na chai, hakuuliza kitu.

Basi, asubuhi moja tulikuwa tunashusha mti juu ya gereji. Ulikuwa mti wa kawaida tu, hata majirani hawakusumbuka kutoka nje. Mke wangu alikuwa anamalizia kukata tawi nene, tawi likaachia mapema kuliko alivyotegemea, msumeno ukaruka mbele ukagusa kamba kuu iliyombeba, ile aliyokuwa ameikalia kwa mkanda. Uliigusa tu. Kamba haikukatika, ganda lake la nje lilipasuka na nyuzi nyeupe za ndani zikachungulia. Alizima msumeno, akauhamishia uzito wake kwenye kamba fupi ya kiunoni iliyozunguka shina, akateremka hatua kwa hatua. Miguu ilipogusa ardhi aliniomba kisu.

Aliikata kamba yote vipandevipande. Nilimsihi aache hata nusu, tushushie matawi madogo. Akaniambia kamba iliyokwisha kujeruhiwa haiachwi nzima hata siku moja, kwa sababu siku utakapokuwa na haraka mkono wako utaichukua. Alikata huku akihesabu pumzi zake, mpaka kipande cha mwisho. Kisha akakunja kila kitu, tukamwambia mwenye gereji kazi itaendelea tukipata kamba nyingine, tukarudi nyumbani.

Kipande kimoja nilikiokota. Kilikuwa kirefu cha kutosha, na kamba ya kuanikia nguo uani ilikuwa imechoka. Nikakifunga pale nikajiona nimebana matumizi. Sikuangalia ni kipande kipi.

Mama huanika taulo zake kila anapofunga saluni. Jumapili ile aliingia jikoni akiwa na ile kamba mkononi, ameifungua yote kutoka kwenye nguzo, taulo zimebaki kwenye beseni. Aliilaza mezani mbele yetu, akaweka kidole penye jeraha.

"Hii imetafunwa na meno ya chuma," alisema. "Nani alikuwa ameikalia?"

Mimi nilitazama kikombe changu.

"Ni mimi, mama," mke wangu akajibu.

Mama akavuta kiti akakaa. Nilingoja maneno niliyoyaogopa miaka yote ile, kwamba kazi hii iachwe, kwamba wapo wanawake wanaouza duka na kushona nguo na wanalala usingizi. Hakuyasema. Aliipapasa ile kamba kwa kidole gumba, akafunua ganda, akatazama nyuzi za ndani zilivyolala.

"Mnakwenda lini kununua nyingine?"

"Kesho asubuhi."

"Nitafunga saluni," alisema mama. "Nakwenda na ninyi."

Duka lenyewe liko katika mtaa wa vifaa vya ujenzi, kati ya muuza mabati na fundi wa kunoa. Ni jembamba na refu kama shimo la panya. Minyororo imening'inia upande mmoja, upande wa pili kuna magurudumu ya kamba yaliyopangwa juu ya vyuma, kutoka nyembamba kama uzi wa kiatu hadi nene kama mkono wa mtoto. Pananuka grisi na nailoni mpya. Muuza kamba ni mtu mzima mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi isipotee, na tulipoingia alinikaribisha mimi.

"Karibu, bosi. Kamba ya kufungia mzigo?"

Nikamwonesha mke wangu kwa kidevu. Hiyo nimeizoea. Mke wangu ameizoea zaidi, hata hakumngoja amalize kugeuka. Alimweleza anachotaka: kamba ya mtu kukaa juu yake siku nzima mtini, unene wa kujaa kiganjani, isiyovutika, isiyoyeyuka kwa moto wa msuguano, na rangi isiyofanana na kitu chochote kinachoota.

Muuza kamba akashusha miwani puani. Ya kwanza aliyoileta ilikuwa nzuri sana, nyororo, yenye madoadoa kama kenge. Alisema ndiyo wanayopandia majabali. Mke wangu akakanyaga ncha moja, akaivuta nyingine, ikarefuka kidogo kama inapiga miayo. Akamweleza kwa upole kwamba ile ni kamba ya mtu anayeanguka. Inampokea taratibu kama godoro. Yeye haanguki. Yeye anapanda kwa kujivuta, na kamba ikivutika, nusu ya nguvu zake inaliwa na kamba. Ya pili ilikuwa ya plastiki, nyepesi, ya bei ya kuchekesha, na kabla hata hajaigusa mwenye duka mwenyewe aliirudisha, akasema hiyo ni ya kuvutia maji kisimani, samahani.

Zilibaki mbili. Zote zililingana unene, na zote, kwa kusoma karatasi zake, zilikuwa na uwezo wa kuning'iniza lori letu na dereva wake ndani. Moja ilikuwa laini na ya rangi ya chungwa iliyowaka. Nyingine ilikuwa ngumu kidogo, nyeupe yenye mistari ya buluu. Mke wangu alizikunja, akazikunjua. Akavaa glavu, akavua glavu. Akafunga lile fundo lake la kubana, ambalo ni kamba fupi nyembamba inayozungushwa juu ya kamba kubwa: ukilikalia linabana, ukilisukuma kwa kidole linateleza. Akalifungua, akalifunga upya kwenye ile nyingine. Aliomba kikombe cha maji, akalowesha ncha za zote mbili, akaanza tena. Wateja wawili waliokuja kununua misumari wakasahau misumari.

Muuza kamba akacheka kidogo. "Dada, mchagua jembe si mkulima."

"Ni kweli, kaka," alijibu mke wangu bila kuinua macho. "Lakini mkulima jembe likimkatikia, yuko chini tayari."

Yule bwana akaacha kucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akatuambia tumfuate. Nyuma ya duka kulikuwa na ua wenye boriti ya chuma ya kunyanyulia injini za magari. Akasema kama dada anataka kuning'inia, aning'inie. Kamba haipimwi juu ya meza.

Tukaipitisha ile ya chungwa juu ya boriti. Mke wangu akavaa mkanda wake wa kupandia, aliokuja nao kwenye begi, akajifunga, akainua miguu. Mama alikuwa amesimama karibu na pipa, mkoba ameukumbatia kifuani. Ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kuona. Miaka yote tumeishi chini ya paa moja, na hajapata kumwona mkwe wake miguu ikiwa hewani.

Alipanda hadi kwenye boriti kwa mikono na nyayo, laini, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Akashuka nusu, akasimama katikati ya hewa, akaachia mikono yote miwili. Alikaa pale kwenye mkanda akizunguka polepole, akiusikiliza mwili wake. Mimi nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama mtu anayeshika pini za nywele.

"Huwa unakaa hivyo hivyo?" aliuliza.

"Saa nyingi, mama. Siku nyingine chai nainywea hukohuko, mwanao ananipandishia kwa kamba."

Mama alinitupia jicho ambalo sitalielezea. Halafu akaweka mkoba juu ya pipa, kitu ambacho hafanyi popote, akasogea, akaishika ncha ya kamba iliyokuwa inaning'inia.

Nimeona vidole vile vikifanya kazi maisha yangu yote, lakini siku ile niliviona upya. Alianza kwa kuiviringisha kamba kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha akaibana kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akalisukuma ganda kurudi nyuma, taratibu, kama anavyosukuma msuko kuona umekaza wapi. Akarudia chini kidogo. Akaenda kwenye ile nyeupe akafanya vilevile. Akarudi kwenye ya chungwa.

"Teremka, mwanangu," alisema. "Shika hapa. Unasikia? La nje linatembea, la ndani limebaki. Hii imesukwa legelege. Msuko wa hivi kichwani unapendeza siku ya kwanza, wiki ya pili umeota mafundo."

Mke wangu alishuka, akavua glavu, akaweka vidole pale vya mama vilipokuwa. Akasukuma. Uso wake ukabadilika. Akatuambia kwamba kule juu alikuwa amesikia kitu, kila alipokalia fundo lilichelewa kubana, kwa kiasi cha kupepesa jicho tu, na alidhani ni glavu. Alijaribu tena kwa mikono mitupu. Haikuwa glavu.

"Na ile nyingine?" aliuliza.

"Ile imekazwa sawasawa," mama akasema. "Aliyeisuka hakuwa na haraka."

Muuza kamba alikuja naye akashika, akasukuma, akatikisa kichwa kukubali. Alisema ukweli, na kwa hilo namheshimu mpaka leo: yeye anauza kamba lakini hajawahi kuning'inia hata siku moja, anachojua ni kwamba ile laini watu huipenda dukani, na ile ngumu ndiyo wanayorudi kununua mara ya pili. Mke wangu akajifunga kwenye ile ngumu. Alipanda, akashuka, akasimama, akayumba kushoto na kulia, akajitupa nyuma kwa ghafla mpaka mama akashika mkono wangu. Fundo lilibana palepale. Alikuwa anacheka kule juu.

Likabaki jambo la rangi. Mke wangu hakuitaka nyeupe. Nyeupe, alisema, inakaa nyeupe kwa kazi mbili tatu, halafu utomvu na vumbi vinaigeuza rangi ya gome, na msumeno hauna macho, macho ni yake. Alikuwa ameshagusana na msumeno mara moja na hakutaka ujirani zaidi. Muuza kamba akakuna kichwa. Halafu akapanda ngazi yake ya mbao, akaingia kwa kichwa kwenye rafu ya juu kabisa, tukasikia anapiga chafya mara nyingi, akateremka na gurudumu lililofunikwa vumbi. Kamba ileile, kiwanda kilekile, usukaji uleule. Rangi yake ilikuwa ya waridi, tena waridi iliyokoza, ile ya rangi ya midomo.

"Imekaa tu hapo," alisema kwa aibu. "Mafundi wanaume hawaitaki."

"Kwenye majani mabichi," mke wangu akasema, "hii itaonekana mpaka mbinguni."

Hakuridhika mpaka ameipitisha yote mkononi. Duka halikutosha, kwa hiyo tuliivuta nje, ikapita mbele ya muuza mabati, ikapita mbele ya mnoaji, ikafika kwa muuza vioo. Mke wangu akaifuata kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa amefumba macho, akiibonyeza kila mahali, na mama akamfuata nyuma akifanya vilevile, wapita njia wakiruka kamba ya waridi kama watoto. Hakukuwa na uvimbe wala mbonyeo. Tuliporudi kaunta, mmoja wa wale wa misumari akamuuliza mama, kwa heshima, huyu binti anafanya kazi gani hasa.

"Ni mkwe wangu. Anapanda miti."

"Vizuri sana, mama. Mazingira yanahitaji."

"Si miche," mama akasema, na alisema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwa mnoaji. "Anapanda kwenda juu. Hakuna anayempita."

Mimi nilijifanya nakunja kamba.

Tulimaliza ule mti wa gereji. Kisha, kabla kamba haijazoea mkono, tuliitwa kituo cha afya. Upepo wa usiku uliotangulia ulikuwa umeupasua mkaratusi mkubwa uliosimama katikati ya ua wao. Ulikuwa na mashina mawili yaliyotoka panda moja, na panda ile ilikuwa imefunguka kama mdomo. Shina moja lilibaki wima. La pili lilikuwa limelalia hewani, juu kabisa ya paa la wodi ya wazazi. Winchi haikuweza kuingia, kwa sababu ua ule umezungukwa na majengo pande zote na mlango wake unapitisha machela, si gari. Mafundi wawili waliotutangulia walitazama, wakasema pole, wakaondoka. Muuguzi mkuu, mama mmoja mrefu asiyepoteza neno, alikuwa amehamisha wazazi wote na vichanga vyao kwenye majengo ya upande wa pili. Alituuliza swali moja tu, kama tunaweza.

Mke wangu aliuzunguka mti ule kwa muda mrefu. Aligonga shina kwa nyundo ya mpira, akasikiliza. Akachungulia ule ufa. Alipomaliza alimwambia muuguzi kwamba tunaweza, ila hatapanda shina lililoinama. Atapanda lile lililo wima, atafunga kamba yake kule juu kabisa, kisha atatembea hewani kulifuata lile bovu, bila kulitwisha uzito wake. Kila kipande atakachokikata kitashuka kwa kamba ya mzigo kupitia kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, na mimi chini nitakizuia kisiguse paa.

Mama alikuwepo. Asubuhi ile alikuwa amebandika karatasi mlangoni kwamba saluni imefungwa, akapanda kwenye lori akakaa katikati yetu. Tulimweka kivulini barazani, mbali na hatari, na haikupita muda nikaona wauguzi wamemzunguka na yeye anawaeleza. Sikusikia yote. Nilisikia anasema kamba ile imesukwa na mtu asiye na haraka.

Mke wangu alipanda. Niseme nini ambacho sijakisema tangu siku za fagio? Alipanda mpaka akawa mdogo, kofia yake ngumu ikawa kama punje ya mahindi, na ile kamba ikashuka kutoka kileleni, waridi juu ya kijani, mstari mmoja ulionyooka ambao macho yangu hayakuupoteza hata nilipojipangusa jasho. Akajisukuma kwa miguu kutoka kwenye shina lililo wima. Akaelea. Kamba ikampokea ikamsimamisha palepale alipotaka, juu ya lile shina lililoinama, miguu ikiligusa kwa vidole tu kama mtu anayepima maji.

Kipande cha kwanza kilikuwa kilele chenye majani mengi. Nikakishusha. Cha pili, cha tatu, vikaja vizito zaidi. Kamba ya mzigo niliizungusha kwenye kisiki nikawa naiachia kidogo kidogo, viganja vikiwaka ndani ya glavu. Tukafika kwenye kile kipande kilichoinama juu ya paa lenyewe. Alikata nusu, na ule ufa wa panda ukalia. Ni sauti ya chini, kama mlango wa ghala. Barazani kila mtu akasimama. Shina lote bovu likashuka kiasi cha kiganja, likasimama.

Kama angekuwa amelikalia, lingekwenda naye. Lakini lilishuka likamwacha pale alipokuwa, anayumba kidogo kwenye kamba yake, miguu haigusi kitu. Alingoja kuyumba kuishe. Alinitazama, akainua mkono, kiganja kikitazama chini, maana yake polepole. Akajisogeza, akamalizia kukata kutoka upande mwingine, na kipande kile kikaniangukia kwenye kamba kwa uzito wote wa dunia. Kisigino changu kiliburuzika, kisha kikapata mzizi wa kukanyaga. Nikakishikilia. Kilining'inia juu ya vigae, umbali wa upana wa sahani, kikazunguka, nikakiongoza mpaka katikati ya ua, nikakilaza.

Kutoka hapo ilikuwa kazi tu, nzito na ndefu, mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua. Kipande cha mwisho kilipolala chini, madirisha ya jengo la pili yalikuwa yamejaa wanawake, wengine na vichanga begani, na walipiga makofi yale ya taratibu ya watu wanaoogopa kuamsha watoto. Muuguzi mkuu alitembea chini ya ukingo wa paa akitazama kigae kimoja kimoja. Aliporudi alimpa mke wangu mkono, akaushika kwa mikono yake miwili.

Mke wangu aliletewa maji. Hakuyanywa kwanza. Alikaa chini kwenye majani, akaivuta ile kamba yote mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho, akiitazama na kuibonyeza, ndipo akanywa.

Nimeishi na watu wanaosifiwa kwa sauti, na nimemwona bwana mmoja akijisifu mwenyewe kwa saa nzima harusini. Siku ile nilisimama kando ya rundo la magogo, viganja vimetoka malengelenge, na nilijua kwamba hakuna mtu katika mji ule aliyeoa vizuri kuliko mimi. Nilitamani Babu Fundo angekuwepo. Pengine angemwambia afungue fundo alifunge tena.

Tulipakia mpaka lori likalalamika. Mama alikaa katikati kama alivyokuja, mke wangu dirishani. Hatukuwa tumefika hata barabara kubwa alipolala, kinywa wazi, kichwa kikateleza mpaka begani kwa mama, vumbi la mbao likimwagikia kwenye kitambaa chake kizuri. Mama hakulipangusa. Alikaa wima, bega amelikaza lisitikisike, macho mbele, na kila nilipokaribia tuta aliniambia kwa sauti ya chini nipunguze mwendo.